Kupunguza taka za plastiki

Kupunguza taka za plastiki ni juhudi za mtu binafsi, familia, shule, wafanyabiashara na serikali za kutumia plastiki kidogo zaidi, hasa ile inayotumika mara moja tu na kutupwa. Juhudi hizo ni tofauti na usafi wa kawaida. Kufagia na kuzoa taka huondoa plastiki mahali pamoja na kuipeleka pengine, lakini kupunguza hulenga kuzuia plastiki isigeuke taka tangu mwanzo.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu mbili. Kwanza, katika miji mingi huduma ya kuzoa taka haifiki kila mtaa, hivyo kinachotupwa hubaki karibu na watu: mtaroni, uwanjani au nyuma ya nyumba. Pili, nchi kadhaa za eneo hilo, zikiwemo Rwanda, Kenya na Tanzania, zimetunga sheria dhidi ya mifuko ya plastiki ambazo ni kati ya zile kali zaidi duniani. Kwa hiyo wakazi wake wamekuwa na miaka ya kutosha kuona nini kinafaa na nini hakifai.

Plastiki na historia yake

Plastiki ni jina la jumla la vitu vinavyotengenezwa viwandani kutokana na molekuli ndefu sana zinazoitwa polima. Nyingi zinatokana na mafuta ya petroli na gesi asilia. Aina zilizo nyingi zaidi hulainika zikipashwa joto, zikaweza kufinyangwa kuwa chupa, mfuko, kiti au uzi, kisha hukakamaa zikipoa.

Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali ni bakeliti, iliyobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyeishi Marekani. Polithini, ambayo ndiyo hutumika kutengeneza mifuko mingi, ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Mfuko mwepesi wenye mikono miwili, unaojulikana sana madukani, ulibuniwa na mhandisi Sten Gustaf Thulin wa Uswidi na kupewa hataza mwaka 1965.

Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza takriban tani milioni 2 za plastiki. Siku hizi hutengenezwa zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba hadi mwaka 2015 binadamu walikuwa wametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na kwamba tani bilioni 6.3 kati ya hizo zilikuwa zimeshakuwa taka. Katika taka hizo asilimia 9 tu zilirejelezwa, asilimia 12 zilichomwa moto, na asilimia 79 zilibaki katika madampo au zilitapakaa katika mazingira.

Plastiki ilibadilisha pia uchumi wa Afrika ya Mashariki. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katikati ya miaka ya 1960 nchi hiyo ilizalisha takriban tani 230,000 za nyuzi kwa mwaka, nyingi kutoka mashamba ya Tanga na Morogoro. Kamba na magunia ya nyuzi za plastiki zilipoenea duniani, bei ya mkonge ilianguka. Hiyo ni moja kati ya sababu za kuporomoka kwa zao hilo. Hivyo kitu kinachooza ardhini kilipokonywa soko na kitu kisichooza.

Kwa nini plastiki ni tatizo

Sifa zilizoifanya plastiki ipendwe ndizo zinazoifanya iwe taka mbaya: ni nyepesi, haipitishi maji, haiozi na bei yake ni ndogo. Kwa kuwa ni nyepesi hupeperushwa na upepo hadi kwenye miti na seng'enge. Kwa kuwa haipitishi maji huziba mitaro. Kwa kuwa haiozi hukaa miaka mingi sana, na wataalamu hukadiria kwamba baadhi ya vitu vya plastiki vinaweza kudumu mamia ya miaka. Kwa kuwa bei yake ni ndogo hakuna anayeona hasara kuitupa.

Mafuriko na magonjwa

Mifuko na chupa zikijaa mitaroni, maji ya mvua hukosa njia na kuingia majumbani. Bangladesh ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, mwaka 2002, baada ya kuonekana kwamba mifuko hiyo iliziba mifereji na kuzidisha mafuriko makubwa ya miaka ya 1988 na 1998. Hali kama hiyo hujulikana pia katika maeneo ya mabondeni ya miji ya Afrika ya Mashariki wakati wa masika.

Vifuniko, vikombe na mifuko iliyotupwa hushika maji madogo yanayotosha mbu kutaga mayai. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda hasa vyombo vidogo vya namna hiyo vilivyo karibu na nyumba. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Wanyama

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaojitafutia malisho mjini hula mifuko yenye mabaki ya chakula. Mfuko hauyeyuki tumboni. Hujikusanya na mingine kuwa donge linalozuia chakula kupita, na mnyama hukonda hata kama anakula. Wachinjaji wa Nairobi na miji mingine wamekuta madonge hayo mara nyingi. Baharini kasa humeza mifuko inayoelea kwa kudhani ni kiwavi-bahari, mnyama laini ambaye ni chakula chake cha kawaida.

Plastiki ndogondogo

Jua na mawimbi huvunja plastiki vipande vipande, lakini haviishi. Vipande vyenye ukubwa chini ya milimita 5 huitwa mikroplastiki. Vimekutwa katika samaki, chumvi, maji ya kunywa, hewa na hata damu ya binadamu. Sehemu yake nyingine hutokana na nguo za poliesta zinapofuliwa na matairi ya magari yanapolika barabarani. Wanasayansi bado wanachunguza madhara yake kwa afya.

Moshi

Pale ambapo gari la taka halifiki, familia nyingi huchoma taka uani. Moshi wa plastiki una masizi na gesi zenye sumu. Plastiki aina ya PVC, inayotumika katika mabomba, nyaya na baadhi ya viatu, ikiungua huweza kutoa dioksini, kemikali zinazohusishwa na saratani na ambazo hudumu muda mrefu katika mafuta ya wanyama na ya binadamu. Wanaovuta moshi huo kwa karibu ni watoto na wapishi. Ndiyo sababu desturi ya kuwashia mkaa kwa mfuko au kipande cha ndoo ni ya hatari, ingawa moto hushika upesi. Vijiti vikavu, maganda makavu ya nazi au karatasi hufanya kazi ileile.

Mpangilio wa hatua

Wataalamu wa taka hupanga hatua kwa ngazi, kuanzia inayofaa zaidi.

1. Kukataa: kutopokea kabisa kitu kisichohitajika, kama mrija, kijiko cha plastiki au mfuko wa pili.
2. Kupunguza: kutumia kidogo zaidi, kwa mfano kununua mafuta ya kula lita 5 badala ya vipakiti vingi vya kupima.
3. Kutumia tena: kuendelea kutumia ndoo, dumu, chupa au mfuko uleule mara nyingi.
4. Kutengeneza: kushona, kuziba au kuunga kilichoharibika kabla ya kununua kingine.
5. Kurejeleza: kupeleka plastiki iyeyushwe na kutengenezwa kuwa kitu kingine.
6. Kutupa kwa usalama: kupeleka mabaki dampo, bila kuyachoma wala kuyaacha ovyo.

Makosa ya kawaida ni kuanzia ngazi ya tano. Mtu hununua chupa nyingi kwa kujifariji kwamba zitarejelezwa, kumbe kama takwimu za hapo juu zinavyoonyesha, sehemu kubwa haikurejelezwa. Ngazi za juu hazihitaji kiwanda, umeme wala gari la taka. Zinahitaji uamuzi wa mnunuzi na wa muuzaji.

Kuanza kwa kuhesabu

Njia rahisi ya kuanza nyumbani au shuleni ni kuhesabu. Kwa muda wa siku 7 plastiki zote zinazotupwa huwekwa katika gunia moja badala ya kutupwa. Siku ya nane humwagwa na kupangwa kwa mafungu: chupa za maji, vifungashio vya chakula, vipakiti vya sabuni, mifuko, nepi, vinginevyo. Kila fungu huhesabiwa na kuandikwa.

Hesabu hiyo huonyesha mahali pa kuweka nguvu. Familia inayonunua chupa mbili za maji kila siku hutupa chupa 730 kwa mwaka. Ikiacha jambo hilo moja itapunguza taka nyingi kuliko kuacha mirija yote. Familia nyingine itakuta kwamba fungu kubwa ni la nepi au la vipakiti vya sabuni. Baada ya mwezi au miezi miwili hesabu hurudiwa ili kuona kama kuna mabadiliko.

Njia za kila siku

Sokoni na dukani

Kabla ya mifuko ya plastiki kuenea, watu wa Afrika ya Mashariki hawakukosa vyombo vya kubebea. Pwani kulikuwa na vikapu vilivyoshonwa kwa ukili wa miyaa, na pakacha lililosukwa kwa makuti mabichi ya mnazi. Kenya ya kati kulikuwa na kiondo, kilichosukwa kwa nyuzi za mimea na baadaye kwa mkonge. Samaki, nyama na vyakula vilivyopikwa vilifungwa kwa majani ya mgomba. Vyombo hivyo vipo hadi leo, na vingi bado husukwa na wanawake kwa ajili ya kuuza.

Anayebeba kikapu hukutana na tatizo moja: kukisahau nyumbani. Wengi hulitatua kwa kukitundika mlangoni au kukunja mfuko wa kitambaa ndani ya mkoba au begi la pikipiki. Kwa vitu vyenye majimaji kama nyama, samaki au mtindi, bakuli lenye kifuniko hufaa zaidi ya mfuko wowote.

Vipakiti vidogo vya sabuni, mafuta, kahawa na viungo vina shida ya pekee. Mara nyingi hutengenezwa kwa tabaka za plastiki na alumini zilizobandikwa pamoja, na kwa hiyo ni vigumu sana kuvirejeleza. Hata hivyo, mwenye kipato cha siku kwa siku hununua kidogo kidogo kwa sababu ndicho anachoweza. Suluhisho la zamani lingali linafanya kazi: muuzaji hupima kutoka chombo kikubwa, na mnunuzi huja na chupa au kopo lake. Mafuta ya taa na ya kula yameuzwa hivyo kwa miaka mingi. Majirani wanaweza pia kuchangishana, wakanunua dumu moja na kugawana.

Maji ya kunywa

Watu hununua maji ya chupa kwa kuogopa maradhi, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kumwambia mtu aache chupa bila kumpa njia nyingine ya kupata maji salama si ushauri mzuri. Njia inayojulikana zaidi ni kuchemsha: maji yaachwe yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 katika sehemu zilizoinuka zaidi ya mita 2,000. Kisha yapozwe na kuhifadhiwa katika chombo safi chenye kifuniko na bomba, ili mikono isiingie ndani. Dawa za klorini na vichujio vya nyumbani hufaa pia pale kuni au mkaa ni ghali, mradi maelekezo yafuatwe.

Mtungi wa udongo huhifadhi maji bila plastiki na kuyapoza bila umeme, kwa kuwa maji kidogo hupenya udongo na kupotea kama mvuke, yakichukua joto. Safarini, chupa ya chuma au hata chupa imara ya plastiki inayojazwa tena kila siku ni bora kuliko kununua mpya.

Jikoni

Baadhi ya wapishi hufunika sufuria ya wali au maharage kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke. Mifuko hiyo haikutengenezwa kwa joto la namna hiyo, na kemikali zake huweza kuingia katika chakula. Jani la mgomba chini ya kifuniko, au kifuniko kinachokaa vizuri kikiwekewa uzito juu, hufanya kazi hiyo bila hatari. Kwa sababu hiyohiyo si vizuri kutia uji, chai au supu ya moto katika mifuko au chupa nyembamba.

Vyombo vya plastiki vilivyopo nyumbani havina haja ya kutupwa ili kununua vya chuma au kioo. Ndoo, beseni au bakuli linalotumika kwa miaka kumi si taka. Taka huanza chombo hicho kinapotupwa kingali kizima.

Usafi wa mwili na watoto

Sabuni ya kipande haihitaji chupa. Nepi za kitambaa na taulo za kike zinazofuliwa hupunguza taka nyingi na gharama, ila zinahitaji maji ya kutosha, sabuni na mahali pa kuanika juani. Pasipo na maji ya kutosha, afya ya mtoto au ya msichana hutangulia, na familia hupunguza plastiki mahali pengine.

Sherehe na ofisi

Harusi, misiba na mikutano hutoa taka nyingi kwa siku moja: chupa, sahani na vikombe vya kutupa. Mitaa mingi na vikundi vya akina mama huwa na masinia, sahani na vikombe vya pamoja vinavyoazimwa au kukodishwa kwa shughuli. Kuvitumia ni kupunguza plastiki, hata kama havikununuliwa kwa nia hiyo. Vilevile soda ya chupa ya kioo, ambayo hurudishwa dukani pamoja na kreti, ni mfano wa mfumo wa kutumia tena ambao watu wameuzoea tangu zamani.

Kurejeleza na mipaka yake

Chini ya vyombo vingi kuna alama ya pembetatu yenye namba. Namba hiyo haisemi kwamba chombo kitarejelezwa. Inataja tu aina ya plastiki.

1 – PET: chupa za maji na soda.
2 – polithini nzito: madumu, chupa za sabuni na maziwa.
3 – PVC: mabomba na nyaya.
4 – polithini nyepesi: mifuko na vifungashio laini.
5 – polipropilini: ndoo, vifuniko, magunia ya kusukwa.
6 – polistirini: vikombe na masanduku meupe mepesi ya chakula.
7 – aina nyingine na mchanganyiko.

Aina za 1, 2 na 5 ndizo zenye soko zaidi kwa wanunuzi wa chakavu. Hupata bei nzuri zikiwa safi, kavu na zimetengwa kwa aina. Plastiki zilizochanganyika na mabaki ya chakula hukataliwa. Kazi kubwa ya kuzikusanya hufanywa na waokota taka, ambao hupita mitaani na katika madampo kama Dandora huko Nairobi na Pugu huko Dar es Salaam. Familia inayotenga chupa zake katika gunia pembeni huwapunguzia watu hao hatari ya kuchakura uchafu kwa mikono.

Tofauti na kioo au chuma, plastiki hupungua ubora kila inapoyeyushwa. Chupa mara nyingi haiwi chupa tena, bali huwa uzi, beseni au kigingi, na mwisho wake ni dampo. Kwa hiyo kurejeleza huchelewesha taka zaidi ya kuziondoa.

Hata hivyo kuna mifano inayojulikana. Kisiwani Lamu, mafundi wakiongozwa na mjenzi wa majahazi Ali Skanda walijenga Flipflopi, jahazi lililotengenezwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kufunikwa kwa vipande vya malapa ya rangi yaliyookotwa ufukweni. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri takriban kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga njiani kufundisha watu. Jijini Nairobi, mhandisi Nzambi Matee alianzisha kampuni ya Gjenge Makers inayochanganya plastiki na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njia. Mwaka 2020 alitunukiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) kama mmoja wa vijana mabingwa wa dunia.

Sheria

Mifuko ya plastiki ilikuwa imezoeleka kiasi cha kupewa majina ya mitaani, kama vile rambo nchini Tanzania na juala nchini Kenya. UNEP ilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalikuwa yakigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2008, na mwaka 2019 iliipanua hadi vitu vingine vya plastiki vya kutumika mara moja. Usimamizi wake huanzia mipakani, na usafi wa mitaa hufanywa kwa pamoja katika umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Uganda ilitangaza marufuku ya mifuko myembamba kuliko mikroni 30, lakini utekelezaji ulikuwa dhaifu na mifuko iliendelea kuuzwa.

Kenya ilianza marufuku yake tarehe 28 Agosti 2017, ikiweka faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tarehe 5 Juni 2020 ilikataza pia chupa na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja katika hifadhi za wanyama, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Machi 2017 kwa kukataza pombe ya vipakiti iliyojulikana kama viroba, kwa sababu za afya na za mazingira. Tarehe 1 Juni 2019 ilikataza mifuko ya kubebea, na mtu anayekutwa akiitumia aliwekewa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7. Vifungashio vya dawa, vya vyakula kiwandani, vya kilimo na vya ujenzi havikuhusika.

Nchi nyingine zimetumia bei badala ya marufuku. Ireland iliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko mwaka 2002, na matumizi yakashuka kwa takriban asilimia 90. Ujerumani tangu mwaka 2003 hutoza amana ya senti 25 kwa chupa, ambayo mnunuzi hurudishiwa akiileta dukani. Kwa sababu hiyo chupa chache sana hutupwa.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi na kuamua kuandaliwe mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwaka 2024 na ya Geneva, Uswisi, mwaka 2025 yalimalizika bila makubaliano. Jambo kuu lililobishaniwa ni kama mkataba uwekee mipaka utengenezaji wa plastiki au ushughulikie taka peke yake.

Mafanikio na hoja zinazobishaniwa

Baada ya marufuku, mifuko iliyoning'inia mitini na kuziba mitaro ilipungua kwa namna inayoonekana kwa macho katika miji ya Kenya, Rwanda na Tanzania. Hata hivyo kuna mapungufu. Mifuko huingizwa kwa magendo kutoka nchi jirani ambako sheria haisimamiwi. Vifungashio vyembamba vinavyoonyesha ndani, vilivyoruhusiwa kwa kufungia bidhaa, vilianza kutumika sokoni kubebea nyanya, dagaa na karanga. Tena mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, iliyoenea baada ya marufuku, mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Inafaa ikitumika mara nyingi. Ikitupwa baada ya safari moja inakuwa taka nzito kuliko ile ya kwanza.

Hata mfuko wa pamba si bora kwa jina tu. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mfuko wa pamba ulipaswa kutumika mara 131 ili athari yake kwa tabianchi iwe ndogo kuliko ya mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja, kwa sababu kulima na kusokota pamba kunahitaji maji na nishati nyingi. Kwa hiyo kinachopunguza taka si kuwa na mifuko mingi ya kitambaa, bali kutumia mmoja hadi uchakae.

Hoja nyingine inahusu haki. Wapo wanaosema kwamba kampeni nyingi humwelekezea lawama mnunuzi maskini na kumwacha mtengenezaji. Ndiyo sababu sheria za karibuni katika nchi mbalimbali huanza kumtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa achangie gharama ya kukusanya vifungashio vyake. Upande mwingine husema kwamba bila mazoea ya watu kubadilika hakuna sheria itakayodumu. Mfano wa mifuko unaonyesha kwamba yote mawili yanahitajika: sheria iliondoa mfuko dukani, lakini ni mnunuzi mwenye kikapu mkononi anayeufanya usirudi.

Tazama pia

Uchafuzi wa mazingira
Mikroplastiki
Urejelezaji
Mkonge
Siku ya Mazingira Duniani